Habari za Maisha ya Hukwe Zawose, Mpiga Zeze wa Ugogo

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu aliyezaliwa katika nchi yetu hii ya katikati, nchi ya mibuyu na uwele na upepo wa vumbi, ambaye jina lake lilifika Japani na Marekani kabla halijajulikana vema katika baadhi ya nyumba za Dodoma. Hakuwa mhubiri wala mtawala. Alikuwa mpiga zeze na ilimba. Hatumwandiki hapa ili awe kielelezo cha imani; habari hiyo ni yake na Mungu wake. Twamwandika kwa sababu tulifanya kosa, na maisha yake ndiyo yaliyotufahamisha kosa lenyewe. Basi yafaa tuanze na kosa.

Katika usharika mmoja tulioutumikia, wazee walichangishana fedha wakanunua kinanda cha umeme, na furaha ilikuwa kubwa. Katika usharika huo alikuwako mzee mmoja, Mkristo wa siku nyingi, aliyejua kupiga zeze tangu ujana wake. Sikukuu ya Mavuno ilipokaribia aliomba kupiga zeze lake pamoja na kwaya, nasi tukamkubalia. Lakini siku ya mazoezi kinanda na zeze viligombana. Sauti nyingi zilipatana, ila moja ya zeze ilikuwa chini kidogo kila ilipofika zamu yake. Mwalimu wa kwaya akaona kwamba zeze halikukazwa sawasawa. Nasi, kwa kuwa tulifundishwa noti seminarini, tukawa upande wa mwalimu, tukamwambia mzee akaze uzi. Akaukaza mbele yetu. Akapiga tena, na sauti ile ikawa chini vile vile, maana vidole vyake vilikwenda mahali vilipozoea kwenda. Mzee hakugombana nasi. Alilifunga zeze lake katika kitambaa, akaaga, akaenda zake. Siku ya Mavuno alikuja ibadani mikono mitupu.

Yapata nusu mwaka baadaye tulikuwa safarini, na ndugu mmoja akatusikilizisha nyimbo za Hukwe Zawose zilizonaswa zamani. Tulikuwa tumezisikia redioni utotoni, kama watu wengi wa rika letu, lakini hatukuwa tumezisikiliza. Basi katika wimbo wa kwanza tuliisikia sauti ile ile ya chini kidogo, mahali pale pale. Tukasikia wimbo wa pili, nao ndivyo. Mtu ambaye mataifa yalimsifu kuwa fundi wa mafundi alikuwa akikosea kama mzee wetu, tena akikosea hivyo kila wimbo, pasipo kuyumba. Ndipo tulipoanza kutafuta habari zake.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa karibu na mwaka 1940 huko Ugogoni, katika vijiji vya Dodoma, wakati nchi ilipokuwa chini ya Waingereza. Wasomaji wetu wengi waijua nchi ile hata tusipoieleza: nyumba za tembe zenye paa la udongo, mashamba ya uwele na mtama, ng'ombe na mbuzi, na mvua inayokuja ikipenda na kukaa mbali ikipenda. Mtoto wa kiume hupelekwa machungani angali mdogo, na huko hukaa mchana kutwa na wanyama. Upweke wa machungani ni shule kubwa ya kuimba. Hakuna wa kumcheka mtoto akijaribu sauti nene au nyembamba, na ng'ombe hawachoki kusikiliza. Tena jioni hurudi nyumbani penye watu wazima wanaoimba.

Maana Wagogo ni watu wa kuimba kwa pamoja. Huko mtu hajifunzi wimbo kama sisi tulivyojifunza nyimbo za kitabuni, yaani kila sauti kando na kisha kuunganisha. Mtoto huingia katikati ya sauti zote tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Wako wanawake wapigao ngoma ziitwazo muheme, wamezibana kati ya mapaja yao. Wako wanaume wachezao wakiwa wamefunga njuga miguuni, ambazo kwa Kigogo huitwa nguga. Ziko nyimbo za jandoni, za mavuno, za arusi na za kuliwaza. Sauti moja huanza, ya pili huingia chini yake, ya tatu huingia juu, na mgeni hushangaa kwamba hakuna aliyesimama mbele kuwaongoza kwa mkono. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika kusini na mashariki, alipita katika nchi hii na mashine yake ya kunasa sauti, akawanasa Wagogo. Hukwe alikuwa mtoto bado. Tunalitaja jambo hili ili ijulikane kwamba ufundi tunaoueleza hapa haukubuniwa na Zawose. Aliukuta.

Vyombo vyake vikuu vilikuwa viwili. Zeze ni kibuyu au kipande cha mti kilichochimbwa na kuwambwa ngozi, chenye shingo ndefu na uzi mmoja au miwili, na husuguliwa kwa upinde mdogo uliopakwa ulimbo. Ilimba, ambayo wengine huiita marimba, ni sanduku la mti lenye vichuma vilivyofuliwa na kupangwa juu yake, navyo hupigwa kwa vidole gumba. Ilimba za kawaida zina vichuma vichache. Za Zawose zilikuwa na makumi ya vichuma, kubwa hata mtu akizitazama hudhani ni meza ndogo. Jambo la ajabu ni kwamba si vyote vinavyopigwa. Viko vichuma vya katikati ambavyo kidole hakivigusi kamwe. Vyenyewe hutetema na kuitikia jirani zake wanapopigwa, kama mkutano unaoitika bila kuamriwa. Tena katika ubao hutobolewa matundu madogo, nayo huzibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe afunikao mayai yake. Utando huo huitia sauti mvumo kama wa nyuki. Mgeni asiyejua hudhani chombo kimepasuka. Fundi hukaa siku nzima akitafuta utando ulio mwembamba kama atakavyo.

Sasa twarudi kwenye ile sauti ya chini, maana hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Wainjilisti wetu waliojifunza kuimba kwa do, re, mi watafahamu upesi. Mtu akikaza uzi mmoja mrefu na kuupiga wote mzima, hupata sauti moja, nasi tuiite do. Akiugusa polepole katikati kwa ncha ya kidole na kuupiga, hupata do ya juu. Akiugusa penye theluthi, hupata so. Penye robo, do tena. Penye sehemu ya tano, mi. Ya sita, so ya juu. Hata hapa kinanda na uzi ni ndugu wanaopatana. Lakini akiugusa penye sehemu ya saba, hutoka sauti ambayo haimo katika kinanda chochote. Iko kati ya la na ti, chini hata ya kile kibao cheusi kilicho kati yao, chini kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Sehemu ya nane ni do tena, na ya tisa ni re. Basi Wagogo wamejenga nyimbo zao juu ya sauti hizo: do, re, mi, so, na hiyo ya saba. Hawakuazima kwa mtu. Ndizo sauti zilizomo ndani ya uzi wenyewe tangu uzi ulipoumbwa. Wako wataalamu, kama Gerhard Kubik wa Austria, waliodhani kwamba desturi hii ilitoka kwa wawindaji wa zamani wa nchi hii, watu kama jirani zetu Wasandawe, ambao hupiga upinde kama chombo cha muziki. Upinde una uzi mmoja tu, na mwenye uzi mmoja hulazimika kusikiliza yote yaliyomo ndani yake.

Kwa hiyo mzee wetu hakuwa amekosea. Kinanda ndicho kisichoweza kufika alipokuwa yeye. Wale waliotengeneza kinanda waligawa oktavo katika hatua kumi na mbili zilizo sawa, ili mtu aweze kuanza wimbo mahali popote apendapo. Ni maarifa mema, nasi twayatumia kila Jumapili. Lakini bei ya maarifa hayo ni kwamba sauti ya saba iliachwa nje ya mlango.

Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliona jambo lililomhuzunisha. Mwezi wa Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuushika urais, alieleza jinsi vijana waliosoma walivyojua kucheza dansi za kigeni, na jinsi wengi wao wasivyojua ngoma za baba zao hata kwa kuzitazama. Akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Baadaye likaundwa kundi la ngoma la taifa, na watu wa makabila mbalimbali wakatafutwa. Katika hao alikuwako kijana wa Kigogo aliyesikiwa na Nyerere, akaitwa kuja Dar es Salaam. Hivyo Hukwe Zawose akaacha machunga, akashuka pwani.

Yafaa tufikiri kidogo safari hiyo ilikuwa nini kwake. Huko kwao alipiga kwa ajili ya watu waliojua kila neno la wimbo na waliokuwa tayari kuitikia. Dar es Salaam alipiga jukwaani, mbele ya wakubwa na wageni waliokaa katika viti vyao kimya, wakimtazama kama mtu atazamavyo picha. Mtu mwingine angaliyabadili mambo yake ili yawapendeze wasiojua. Angaliipandisha sauti ya saba ifanane na ya gitaa za bendi za mjini, maana siku zile bendi zilikuwa na nguvu nyingi. Zawose hakufanya hivyo. Wala hakufanya kinyume chake, yaani kujifungia na kukataa kila jambo geni. Aliimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili pia, akatunga nyimbo za taifa jipya na za kumsifu Nyerere, akaongeza vichuma katika ilimba na nyuzi katika zeze hata vyombo vyake vikawa vikubwa kuliko vya baba zake.

Lililowashangaza watu kuliko yote ni koo lake. Aliweza kuanza kwa mngurumo wa chini kabisa, kama mtu anayesafisha koo, kisha ghafula akapanda hata sauti nyembamba kama ya mwanamke, akarudi chini kabla msikilizaji hajajua alikwendaje. Wako waandishi wa Ulaya walioandika kwamba sauti yake ilifika oktavo tano. Sisi hatukuipima, na twaona hesabu hiyo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba koo, zeze na ilimba vilikuwa vimekazwa pamoja. Ukisikiliza upesi huwezi kujua ni kipi kilichonyamaza na ni kipi kilichoanza.

Mwaka 1981 serikali ilianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Zawose akahamia huko, akawa mwalimu. Bagamoyo wasomaji wetu waijua kwa huzuni: ni mji wa bandari ambapo watu wa bara walifikishwa wamefungwa, misafara ikipita Ugogo huu huu, Mpwapwa na vijiji vyake. Sasa Mgogo mmoja alikaa huko kwa hiari yake akifundisha vijana wa nchi nzima muziki wa kwao. Nyumba yake ilijaa watoto, wapwa na wajukuu, na wote walipiga na kuimba. Katika hao alikuwako Charles Zawose, aliyekuwa msaidizi wake katika safari nyingi za ng'ambo.

Safari zenyewe tutazitaja kwa ufupi, maana orodha ya miji haimsaidii msomaji. Katikati ya miaka ya 1980 nyimbo zake zilichapwa Uingereza kwa jina la Tanzania Yetu. Alipiga Japani, huko nako nyimbo zake zikanaswa. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, mwimbaji mashuhuri wa Uingereza, ilitoa santuri yake iitwayo Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya kwamba twende. Mwaka 2002 Peter Gabriel aliwachukua Zawose na Charles kupiga katika safari yake ya Marekani, katika majumba makubwa yaliyojaa watu waliokuja kumsikia mwingine. Twasikia kwamba walisikilizwa.

Mwaka huo huo wa 2002 ilitoka kazi nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Huyu Brook alikuwa amebuni gitaa la umeme ambalo uzi wake ukipigwa mara moja haukomi kulia mpaka mwenyewe autulize. Hapo zeze la Ugogo na gitaa la umeme vilikaa pamoja, na mtu aweza kuuliza kama bado ni muziki wa Kigogo. Ni swali la haki. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa kuvuka bahari, maana swali hilo limeulizwa sana kwa wapiga gitaa wa Marekani, nao walikuwa nalo mapema kuliko sisi.

Huko Marekani, katika majimbo ya kusini ambapo watu weusi walitumikishwa utumwani hata mwaka 1865, ulizaliwa muziki uitwao bluzi. Babu zao wengi walichukuliwa kutoka Afrika ya magharibi, si kwetu. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba Wagogo ndio waliouzaa. Lakini karibu na mwaka 1903 mwanamuziki mmoja msomi, W. C. Handy, alikuwa akingoja treni usiku katika stesheni ya Tutwiler, jimbo la Mississippi. Alipozinduka usingizini alimwona mtu maskini mwenye nguo zilizochakaa amekaa karibu naye akipiga gitaa, huku akiburuza kisu juu ya nyuzi. Handy alijua noti zote za kitabuni, lakini muziki ule ulimshangaza kuliko wote aliowahi kuusikia. Na kisu kilikuwa cha nini? Gitaa lina vichuma vilivyopigiliwa katika shingo yake, navyo huligawa katika hatua kumi na mbili kama kinanda. Mtu yule alikuwa akitafuta sauti zilizo kati ya vichuma. Wengine hawatumii kisu bali huusukuma uzi kando kwa kidole mpaka ufike wanapotaka. Moja ya sauti wanazozitafuta sana iko pale pale, kati ya la na ti, karibu na hiyo ya saba. Mpiga zeze hana shida hiyo, maana shingo ya zeze ni tupu, na kidole hufika popote sikio linapokituma.

Mmoja wa wapiga gitaa hao twampenda sana. Ni Blind Willie Johnson wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1897, akawa kipofu tangu utoto, akaimba nyimbo za injili barabarani na makanisani. Mwaka 1927 alinaswa akipiga wimbo uliochukua jina lake katika utenzi wa Kiingereza wa mateso ya Bwana katika Gethsemane. Hakuimba neno hata moja. Alivumisha tu kwa midomo, na gitaa likavumisha naye, hata huwezi kujua sauti ipi ni ya mtu na ipi ni ya uzi. Alikufa mwaka 1945 katika umaskini, baada ya nyumba yake kuungua. Mwaka 1977 Wamarekani walipotuma vyombo vya Voyager angani, walitia ndani santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, na wimbo ule usio na maneno ukawa mmoja wa zilizochaguliwa. Ukimsikiliza Johnson kisha ukamsikiliza Zawose, utadhani walilelewa katika boma moja.

Basi Wamarekani na Wazungu walibishana juu ya nini kifanyacho bluzi kuwa ya kweli. Wako waliosema lazima gitaa liwe la mti tu, pasipo umeme. Muddy Waters, aliyetoka mashamba ya Mississippi akahamia Chicago mwaka 1943, alikwenda Uingereza mwaka 1958 na gitaa lake la umeme, na wako waliolalamika kwamba ameuharibu muziki wa kwao mwenyewe. Twaona walikosea, nao walikosea kama sisi tulivyokosea kwa mzee wetu, ingawa kwa upande wa pili. Sisi tulitaka zeze lijipinde kwa kinanda kwa sababu kinanda ni kipya. Wao walitaka mtu abaki na chombo cha zamani kwa sababu ni cha zamani. Wote tulitazama chombo. Waters alibadili gitaa kwa kuwa Chicago ni mji wa kelele na sauti ya mti haikusikika, lakini zile sauti za kati hakuziacha, wala namna ya kuzikawiza.

Ndivyo alivyofanya Zawose. Ukiisikiliza Assembly pole pole, utaona kwamba gitaa la Brook ndilo linalomfuata mzee. Yeye hasogei. Sauti ya saba iko mahali pake, mvumo wa buibui uko, kuitikiana kuko, na pale anaponyamaza ananyamaza kama Mgogo. Alikuwa huru kuongeza nyuzi na vichuma na marafiki kwa kuwa sikio lake halikuwa na wasiwasi. Mtu asiyejua kwao ni wapi ndiye anayeogopa kila mgeni. Tena ukuu wake haukuwa katika wepesi wa vidole, ingawa alikuwa nao. Wako vijana wenye vidole vyepesi kuliko yeye ambao mtu akiwasikia hukumbuka vidole tu. Kwa Zawose kila sauti ilikuwa na mahali ilipotoka. Alikuwa ameyapitia machunga na ukame na safari na makaburi, na hakuimba kama mtu anayeonyesha aliyojifunza.

Alifariki nyumbani kwake Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki, na wengi walidhani habari imekwisha. Chuo alichofundisha kilibadilishwa jina mwaka 2007, kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Lakini katika ukoo wake kulikuwa na watu ambao hakuna aliyewahesabu. Kwa desturi ya Kigogo wanawake hupiga muheme na kuitikia; zeze na ilimba ni vyombo vya wanaume. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walikuwa wameitikia nyuma ya wanaume miaka mingi. Mwaka 2024 walitoa santuri yao wenyewe iitwayo Maisha, wakiimba mbele na kupiga vyombo vile. Hapo desturi imevunjwa bila shaka, na wako wazee watakaonung'unika. Sisi tulipoisikia tulitega sikio kwa jambo moja tu. Sauti ya saba ilikuwako.

Katika kanisa letu jambo hili si geni kabisa. Mchungaji Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyekaa miaka mingi nchini na kujifunza sana lugha ya Waturu wa Singida, alikusanya nyimbo zenye tuni za Kitanzania, zikachapwa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Twaziimba hata leo. Lakini karatasi ya noti haina mahali pa kuandika sauti ya saba, na tuni iliyoandikwa hupigwa kama ilivyoandikwa. Tumewasikiliza watoto wa shule ya Jumapili wakiimba nyimbo za bibi zao. Wanapofika pale, huipandisha mpaka penye kibao cheusi, pasipo kujua kwamba wamepandisha. Bibi zao hawaipandishi. Kati ya bibi na mjukuu ni hatua ndogo kuliko nusu toni, na imepotea katika nyumba moja, katika miaka michache, bila mtu kuikataza.

Tulikwenda kwa mzee wetu wa zeze. Tulimwomba radhi, tukamweleza habari za Zawose na sehemu ya saba ya uzi. Alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesimuliwa jambo analolijua. Tukamweleza pia kwamba tumesema na mwalimu wa kwaya, na kwamba Mavuno yajayo kinanda kitafunikwa kwa wimbo mmoja. Hakutupa jibu siku ile. Zeze lilikuwa limetundikwa ukutani, bado katika kitambaa chake. Tulipokuwa tukitoka tulimwona mjukuu wake wa kike, wa miaka kama tisa hivi, amevuta kigoda chini ya ukuta ule, anajaribu kama mkono wake unafika.